Kilio cha Mfano

Jumatatu, 1 Julai 1996

Mvua tangu alfajiri. Cheti kimepanda ukutani! Nimekipigilia msumari mwenyewe, na kimekaa upande. Nimekiacha hivyo hivyo. Wiki mbili nzima Nairobi, nikisomea usimamizi wa sanaa na uongozi wa mashirika yasiyo ya faida. Kakamega yote hakuna mwingine mwenye cheti kama hiki, isipokuwa Makhanu wa kwaya, ambaye tulikaa naye dawati moja na ambaye alilala usingizi masomo yote ya mchana.

Watu hawajui bado. Kwao mimi ni Nehemiah Lukoye wa ngoma za isukuti. Tangu nikiwa kijana nimebeba ngoma kwapani. Matanga, harusi, vita vya fahali. Shukrani yake ni sahani ya obusuma na ingokho, ugali na kuku, tena ni shingo ya kuku. Basi, imetosha. Kuanzia leo mimi ni Mkurugenzi. Taasisi yangu itawafundisha viongozi wa vikundi vya sanaa wa Magharibi yote, na kikundi chetu cha Shinyalu ndicho kitakachokuwa mfano. Nimeshapata ofisi mjini, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Unga unapita chini ya mlango. Mgeni akiingia hutoka mweupe.

Nimemweleza mke wangu Jael. Ameuliza mkurugenzi hupiga ngoma saa ngapi. Nimemjibu kwamba mkurugenzi hapigi, anaongoza. Amerudi kuchambua mboga.

Jumanne, 2 Julai

Warsha ya kwanza ya kikundi. Imefanyika uani kwa Mzee Shivachi, ambako ngoma zetu tatu hulala: baba, mama na mtoto. Mzee ndiye mtunzaji wake, na ndiye aliyenifundisha kupiga, nikiwa mdogo hata mikono haijafika ukingoni. Sasa kifua kinamsumbua. Anasikiliza akiwa kitandani, dirisha wazi. Kila mtu anajua kwamba mwaka huu atazitoa ngoma ziende kulala kwa mwingine, na kila mtu anajua mwingine huyo ni mimi. Hakuna aliyewahi kulisema. Katika kozi tuliambiwa jambo hilo linaitwa mpango wa urithi wa uongozi. Nimefurahi kujua tulikuwa nao bila kuusomea.

Nimewafundisha maono na dhamira. Nimemuuliza Ingosi, ambaye amepiga baba miaka yote ninayopiga mama, maono ya kikundi chetu ni yapi. Amesema ni kufika matangani kabla ya mvua. Wamecheka wote. Nimeandika hivyo kwenye karatasi kubwa kama rasimu.

Halafu nimetoa habari kuu. Jumamosi hii anakuja mgeni kutoka kwa wafadhili, Nairobi. Bi Chemutai! Atatazama mashirika mawili tu, langu na la Makhanu, kisha atachagua moja litakalobeba taasisi. Kwaya ya Makhanu itamwimbia ukumbini. Mimi nimemwahidi kitu halisi: kikundi kikihudumia jamii yake wakati wa msiba.

Ingosi ameuliza msiba gani. Nimemwambia Jumamosi haijawahi kukosa msiba.

Jumatano, 3 Julai

Hakuna msiba.

Sielewi! Mwezi uliopita tumezika mpaka ngozi za ngoma zikalegea. Wiki hii watu wote ni wazima. Nimezunguka Shinyalu yote, nimeuliza Khayega, nimeuliza kwa padri. Padri amesema tumshukuru Mungu. Nimeshukuru, lakini si kwa moyo wote.

Yule bibi kizee wa karibu na kisima, ambaye tangu Pasaka tunaambiwa halali wala hali, nimemkuta akipalilia maharagwe. Amenipa mengine nipeleke nyumbani.

Nimerudi nimelowa. Jael ameniuliza nilikuwa natafuta nini. Sikumwambia.

Alhamisi, 4 Julai

Siku mbaya. Asubuhi nimekutana na Makhanu nje ya posta, suti mpya, viatu vinang'aa. Akaniambia, kwa huruma nyingi mno, kwamba amesikia kuna msiba mkubwa Ekero, upande wa Mumias. Nimemshukuru. Nikamwona mtu mwema. Nimefunga safari wakati huo huo.

Kufika Ekero, nimekuta ni nyumba ya Waislamu. Walikuwa wameshazika jana, kabla jua halijazama, na ngoma hawapigi. Makhanu alijua! Nilitaka kugeuka, lakini mwenye nyumba, Mzee Bashir, alikuwa ameshaniona. Salamu aleikum, karibu, keti. Nikaketi. Pilau ikaja. Akaniuliza kwa upole nilimfahamu vipi marehemu.

Nikasema tulifanya kazi pamoja muda mrefu, katika mambo ya sanaa.

Kumbe marehemu ni mama yake mzazi, ajuza ambaye kwa miaka mingi hakuvuka mlango wa ua. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Bashir hakunifukuza. Alitazama chini, akasema, "Inawezekana. Aliimbanga sana akiwa msichana."

Nimekula pilau yote. Njia nzima ya kurudi imenikaa kooni.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepata suluhisho. Naona aibu kwamba lilichelewa.

Mfadhili anataka kuona kikundi kikilia msiba. Hajasema lazima awepo maiti. Tutafanya kilio cha mfano! Kama vile walimu wanavyofanya somo la mfano. Mahali ni uani kwa Mzee Shivachi: pana nafasi, pana nyasi fupi, na ngoma ziko hapo hapo.

Nimempelekea Ingosi mpango. Alikuwa akikama ng'ombe. Hakuacha kukama. Amesema kwa sauti ya chini kwamba hawezi. Nimemweleza habari za ubunifu, za mila zinazokwamisha ukuaji, yote yaliyokuwa kwenye karatasi za kozi, ukurasa wa tisa. Ameinuka na ndoo yake.

"Ndugu, ile haipigwangi kwa boma haina maiti. Wewe unajua. Mimi na wewe tulifundishwa siku moja."

Najua. Nimelijua tangu utotoni. Mdundo wa harusi unaweza kuupiga hata jikoni ukijisikia furaha. Ule wa kilio una mahali pake. Unapigwa mtu akishalala, unaita vilima vyote, na anayeusikia hatafuti sababu, anakuja. Lakini hayo ni mawazo ya mpigaji. Mkurugenzi lazima atazame mbele.

Nimemwambia Ingosi kwamba shirika haliwezi kumsubiri mtu mmoja. Amesema sawa. Kikundi chote kimemfuata. Hata yule mpuliza pembe, ambaye ni binamu yangu.

Saa nane nikaenda Bukura, kwenye chuo cha kilimo. Nimepata wanafunzi wawili wa chama cha maigizo, mmoja kutoka Nyeri na mwingine Machakos. Vijana wepesi kushika. Nimewafundisha mdundo nyuma ya zizi la nguruwe mpaka wakauweza. Wameniuliza maana yake. Nimesema ni wimbo wa kukaribisha wageni.

Jumamosi, 6 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nianze na mazuri. Hakukuwa na mvua. Bi Chemutai amefika saa nne kamili, gari jeupe, buti za kazi, daftari mkononi. Mpole. Akasema Makhanu amemwimbia nyimbo kumi na moja. Nilifurahi kuona amechoka.

Awinja, binti wa Mzee anayemuuguza, alikuwa ameenda sokoni Khayega. Mzee alikuwa amelala ndani kwa nguvu ya dawa. Nimeingia polepole nikazitoa ngoma moja moja. Nimezianika juani zikakaza. Wanafunzi wamevaa fulana nilizochapisha. Nikamweleza mgeni kwamba atakachoona ni kielelezo. Akaitikia kwa kichwa. Nikaweka mama kwapani.

Nilikuwa sijamgusa tangu niende Nairobi. Niseme ukweli kwa sababu haya ni maandishi yangu na hakuna atakayeyasoma. Nimepiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Ngozi ile ya kenge ilikuwa imekaza sawasawa, na wale wanafunzi, Mungu awabariki, walinifuata bila kupotea. Nilisahau Nairobi. Nilisahau taasisi. Bi Chemutai aliacha kuandika.

Ndipo nikasikia unyende wa kwanza, kutoka kilima cha pili.

Nilielewa papo hapo. Mdundo wa kilio, kutoka kwa boma la mgonjwa anayejulikana na wote! Ningeweza kuacha pale. Wallahi ningeweza, kama wasemavyo majirani zetu wa Mumias. Lakini unyende wa pili ukajibu wa kwanza, na mikono yangu haikutaka kuacha. Kilio kikishaitikiwa mpigaji haachi. Ndivyo Mzee alivyonifundisha.

Wanawake wakaingia mbio, mikono kichwani. Wanaume wakaja na matawi. Yule bibi kizee wa kisimani alifika na jembe lake. Halafu fahali! Maana Mzee ni mtu mkubwa, na mtu mkubwa hulilwa na fahali. Watatu waliingia uani wamepambwa majani shingoni, wenye fahali wakiimba. Wanafunzi wa Bukura walidhani wanashangiliwa, wakazidisha. Bi Chemutai machozi yakimtoka, akaniinamia sikioni akasema hajawahi kuona jamii iliyohamasishwa namna hii.

Nikasema ahsante.

Awinja alikuja kutoka barabarani akikimbia. Alitupa kikapu, nyanya zikatapakaa, akajitupa chini akimlilia babake. Hapo nilitaka kumwinua. Mikono ilikuwa ngomani.

Mlango ukafunguka. Mzee Shivachi akatoka na blanketi mabegani.

Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza mara moja. Hata mama alinyamaza kwapani mwangu. Bi Chemutai akaniuliza taratibu mzee yule ni nani. Na mimi, kabla sijafikiri, nikamwambia huyo ndiye marehemu.

Mzee alitazama fahali. Alitazama binti yake chini. Alitutazama sisi watatu na fulana zetu. Akatafuta kiti chake, akaketi, akapumzika kwanza kwa sababu ya kifua. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Umenililia vizuri, mwanangu," amesema. "Sasa siku nikifa utapiga nini?"

Fahali mmoja akaenda kwenye gari jeupe, akajiona kiooni, akavunja taa ya mbele.

Jumapili, 7 Julai

Jael hajanisemesha tangu jana. Chakula nimewekewa, kimefunikwa, na yeye ameenda kanisani peke yake.

Wazee wameketi kwa Mzee Shivachi baada ya ibada. Nimeitwa. Nimejieleza vizuri, kwa utaratibu, nikianza na usuli. Wamenisikiliza mpaka mwisho. Kisha wamesema: nitoe kondoo, boma lisafishwe. Ngoma zitaenda kulala kwa Ingosi. Na mimi, kwa kuwa nimeshampigia Mzee kilio chake, siwezi kukipiga tena. Mtu halilwi mara mbili na mkono uleule. Atakapokufa, nitakaa na wasiopiga.

Nimemtazama Mzee nikidhani atasema neno la kunitetea. Alikuwa amenitazama muda wote, kwa macho ya kumtazama mtoto mwenye homa.

Ingosi alizibeba ngoma jioni. Nilijificha nyuma ya choo cha jirani nisimwone, lakini nilisikia zikigongana. Ile ndogo hulia yenyewe ukitembea nayo. Nimelia kidogo.

Upande mwingine: mkurugenzi hahitaji ngoma. Lazima nikumbuke hilo.

Jumatano, 10 Julai

Nimefungua ofisi. Hakuna aliyekuja. Unga tu.

Nimeandaa somo la pili, Uhusiano na Jamii. Nimelisoma kwa sauti ofisini, mimi peke yangu, na limechukua muda uliopangwa. Mwenye kinu amegonga ukuta.

Nimepita kwa Mzee na sukari. Awinja ameipokea mlangoni. Amesema babake amelala. Nilimsikia akikohoa.

Jumatatu, 15 Julai

Mzee Shivachi amefariki leo alfajiri.

Hakuna aliyekuja kuniambia. Nimeambiwa na ngoma. Nilikuwa nanyoa ndevu. Kwanza watu walitoka milangoni wakatazamana, hawakukimbia. Walikuwa wakingoja kujua kama ni kweli. Hilo nimelifanya mimi. Mzee amelala na watu wanasimama milangoni wakijiuliza kama ni mfano. Jael ndiye aliyeanza kukimbia. Alivua kanga ya kazini, akajifunga nyingine, akaenda bila kunitazama.

Wengine wanasema mdundo wangu ndio uliomwita. Daktari wa hospitali alisema ni kifua cha siku nyingi. Najua daktari yuko sahihi. Bado usiku silali.

Jumamosi, 20 Julai

Tumemzika.

Nimekaa na wasiopiga. Yaani wakwe, watu wa mbali, na mwalimu mkuu. Nimepewa kiti cha plastiki. Nilivaa tai. Ingosi alipiga mama, sehemu yangu, na baba akapewa mpwa wake. Amepiga vizuri. Pale katikati, mdundo unapogeuka, amechelewa kidogo, kama anayemngoja mtu. Tumepiga pamoja tangu utoto. Alikuwa akiningoja mimi. Mikono yangu imepiga mapajani, chini ya kofia, hadi mwalimu mkuu akasogeza kiti chake.

Fahali walikuja, lakini wachache. Mmoja wa wenye fahali amesema wazi kwamba fahali wake alishamlilia Mzee.

Nilipopita kwenye kaburi kuweka udongo, Awinja alinishika mkono. Sikutarajia. Akasema babake wiki ile ya mwisho alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye amebahatika, amesikia kilio chake kwa masikio yake na mpigaji hakukosea hata mahali pamoja. Akasema alikuwa akicheka hadi kikohozi kinamshika. Halafu akaniachia mkono, akasema, "Lakini alitaka kukusikia ile siku ya kweli."

Nimeenda nyuma ya ghala nikakaa huko mpaka watu wamalize kula.

Jumatano, 24 Julai

Ofisi imefungwa. Mwenye kinu anataka kuweka magunia. Bango la mlangoni nimelirudisha nyumbani, Jael analitumia kuzuia kuku wasiingie jikoni. Maandishi yametazama nje, kwa hiyo kuku wanajua ni Taasisi.

Mchana nimeitwa kwenye simu ya posta. Bi Chemutai! Nilifikiri ni habari za taa ya gari. Hapana. Amenipa pole ya msiba, kwa unyenyekevu. Taasisi imekwenda kwa Makhanu. Nililitarajia. Halafu akasema wafadhili wanaamini kwamba kiongozi hukomaa kwa makosa yake. Wanataka Makhanu anialike kwenye ufunguzi, nisimame mbele ya viongozi wa vikundi vyote vya Magharibi, niwaeleze nilichojifunza. Muda wangu ni saa nzima.

Saa nzima! Makhanu mwenyewe amepewa dakika ishirini!

Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi. Nimekaa mezani tangu saa kumi, nikiandika, na mambo yamejipanga yenyewe. Kosa la kwanza: tulichagua boma lenye mgonjwa anayeweza kuamka. Kosa la pili: hatukuzuia fahali barabarani. Kosa la tatu: gari la mgeni liliegeshwa vibaya. Hayo yakirekebishwa, kilio cha mfano kinaweza kufanyika popote, tena kwa usalama, na mgeni akaondoka ameridhika. Nitaomba wanafunzi wale wa Bukura waje kwenye ufunguzi. Bado wana fulana.

Ila somo bila onyesho halina nguvu. Nahitaji boma.

Jael ameingia sasa hivi na taa. Macho yamemvimba. Amesema habari zimefika kutoka kwao Matungu kwamba mama yake amezidiwa, hawezi hata kugeuka kitandani, na kesho alfajiri anataka twende sote tukamwone. Nimempa pole sana. Nimemshika bega. Nimemuuliza kama ua wao ni ule ule mpana, na kama viti vya wageni vinaweza kupatikana karibu.

Hajanijibu. Nadhani anavihesabu.